Siku yangu moja katika wodi ya magonjwa ya kifua

Saa 11:20 alfajiri. Leo ni zamu yangu ya kuwasilisha mgonjwa mbele ya daktari bingwa, naye haridhiki na majina ya dawa. Hutaka kujua dawa inapita njia gani, inafika wapi na inafanya nini ikishafika. Kwa mwanga wa simu, maana wenzangu bado wamelala, ninapitia tena salbutamoli, dawa ya pumu ya kuvuta. Inakamata vipokezi vya beta-2 kwenye misuli laini ya bronki, yaani mirija ya hewa ya mapafu, inaongeza AMP ya mzunguko, kemikali ya kupeleka ujumbe ndani ya seli, misuli inalegea, na njia ya hewa inapanuka ndani ya dakika chache. Baada ya saa 4 hadi 6 nguvu yake inakuwa imekwisha. Maelezo hayo niliyakariri tangu mwaka wa 3, na sasa nimo mwaka wa 5.

Saa 1:15 asubuhi. Wodini, kazi ya kwanza ni kuhesabu pumzi. Sisi wanafunzi tuna ugonjwa wetu ambao haumo vitabuni: ukifungua karatasi tulizojaza kwa haraka, utadhani kila mgonjwa anapumua mara 20 kwa dakika. Mimi nami nimewahi kuiandika hiyo 20 bila kutazama saa. Leo ninasimama dakika nzima kando ya kitanda cha mama mmoja mwenye pumu, nikijifanya ninapima mapigo ya moyo ili asibadilishe upumuaji wake, na ninapata 28. Usiku alipoletwa alishindwa kumaliza sentensi. Alipewa oksijeni, salbutamoli pamoja na ipratropiamu, dawa nyingine ya kupanua njia za hewa, kwa mashine ya mvuke, na prednisoloni, steroidi ya kupunguza uvimbe, miligramu 40 za kumeza. Sasa anazungumza vizuri, ingawa sauti za filimbi bado zinasikika pande zote mbili za kifua anapotoa pumzi.

Saa 2:40 asubuhi. Raundi inaanza. Ninamaliza maelezo yangu, na bingwa ananiuliza swali moja tu: "Daktari, kama usiku ungeweka stetoskopu ukakuta kifua kimya, bila filimbi hata moja, ungefurahi?" Ninajibu kwamba ningeogopa, kwa sababu filimbi huhitaji hewa inayopita, na mgonjwa wa pumu aliyechoka ambaye kifua chake kimenyamaza yuko karibu kuacha kupumua. Anatikisa kichwa kukubali, kisha anamgeukia mgonjwa na kumwomba aonyeshe anavyotumia inhela yake nyumbani.

Mama anaitoa kwenye mkoba, anaipachika mdomoni, anabonyeza mara mbili mfululizo huku akitoa pumzi, halafu anameza mate. Hakuna anayecheka. Hata kwa mtu anayeivuta kwa ufundi, sehemu kubwa ya dawa hubaki kinywani na kooni. Kwa namna hii ya mama, karibu yote ilikuwa inaishia tumboni. Isitoshe, hiyo ilikuwa salbutamoli peke yake, naye ameitumia hivyo kwa miaka kadhaa, akinunua nyingine kila ikiisha. Bingwa anatukumbusha kwamba pumu kimsingi ni uvimbe wa kudumu wa kuta za njia za hewa, na kubanwa kwa misuli ni tokeo lake. Salbutamoli hulegeza misuli na kuuacha uvimbe ukiendelea, ndiyo maana tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu wa GINA haupendekezi tena mtu mzima atibiwe kwa dawa hiyo pekee, bali apate steroidi ya kuvuta, kwa mfano budesonidi iliyochanganywa na formoteroli. Nakiri kwamba alfajiri nilikuwa ninasoma nusu ya ugonjwa.

Saa 4:10 asubuhi. Kitanda cha nane kina bibi aliyepika kwa kuni kwa zaidi ya miaka 40 katika jiko lisilo na dirisha. Hajawahi kuvuta sigara, lakini njia zake za hewa zimeziba kwa namna isiyorudi nyuma. Asubuhi niliona kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kinasoma asilimia 87, nikafungua oksijeni kwa nguvu mpaka kikasoma 99, nikajiona nimefanya jambo la maana. Muuguzi wa zamu aliipunguza kimyakimya, na sasa bingwa anataka nieleze kwa nini alikuwa sahihi. Kwa mgonjwa kama huyu tunalenga asilimia 88 hadi 92. Mapafu yake yamejipanga: mishipa midogo ya damu inayopita kwenye vifuko vya hewa visivyopata hewa ya kutosha hujibana ili damu ielekee kwenye vifuko vilivyo hai. Oksijeni ikizidi, mishipa hiyo hufunguka na damu hupita mahali ambapo kabonidayoksaidi haiwezi kutolewa. Wakati huohuo hemoglobini iliyojaa oksijeni huiachia kabonidayoksaidi iliyokuwa imeibeba. Gesi hiyo hujikusanya kwenye damu, na mgonjwa huanza kusinzia. Nilipotoka pale nilikwenda kumshukuru muuguzi. Alinijibu kwamba nisome karatasi ya maagizo kabla ya kugusa mtungi.

Saa 5:30 asubuhi. Mgonjwa wa mwisho ni kijana aliyefanya kazi miaka mingi katika migodi ya tanzanaiti ya Mirerani. Chembe za silika anazozivuta mtu anayechoronga mwamba mkavu huweza kuwa ndogo kuliko maikromita 5, kwa hiyo hazinaswi puani wala na ute wa bronki. Zinafika hadi kwenye vifuko vya hewa. Makrofaji, seli za ulinzi za mapafu, huzimeza, hushindwa kuziyeyusha na kufa, na makovu hujengeka palepale. Ulinzi uliodhoofika hivyo hukikaribisha kifua kikuu, na makohozi yake yamethibitisha kwamba kimekwisha kuingia. Kwa kifua kikuu tuna cha kumpa: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli katika kidonge kimoja kwa miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi peke yake, ambazo kwa kawaida humezwa miezi 4. Ninamwambia mapema kwamba mkojo wake utakuwa wa rangi ya machungwa, kwani wapo walioacha dawa kwa hofu ya jambo hilo dogo, na kwamba macho yakianza kufifia aje siku hiyohiyo. Kwa makovu ya vumbi hakuna dawa ya kuyafuta. Maji ya kulowesha mwamba wakati wa kuchoronga yangemsaidia kuliko chochote kilichomo kwenye kabati letu, lakini hayo yalihitajika miaka kumi iliyopita.

Saa 7:30 mchana. Wali, maharage, na dakika 20 za kunyamaza.

Saa 9:15 alasiri. Ninarudi kwa mama wa pumu nikiwa na chupa ya maji ya nusu lita niliyoiosha na kuitoboa kitako kwa waya wa moto, tundu lake likilingana sawasawa na mdomo wa inhela. Watafiti wa Afrika Kusini waliijaribu chupa ya namna hii kwa watoto wenye pumu, wakachapisha mwaka 1999 kwamba ilifanya kazi vizuri kama vifaa vya kununua. Ninamwonyesha: tikisa, toa pumzi yote, bana midomo kwenye chupa, bonyeza mara moja, vuta polepole, zuia pumzi hadi 10. Mara ya kwanza anakohoa. Mara ya tatu anaweza, naye ananitazama kwa mshangao. "Mwanangu, mbona leo imeingia?" Ninamweleza pia kuhusu dawa ya steroidi, kwamba ataivuta hata siku anazojisikia mzima, na kwamba asukutue kinywa kila baada ya kuivuta ili asipate utando mweupe wa fangasi. Anauliza bei. Ninamtajia, anakaa kimya kidogo, kisha ananiomba nimtobolee chupa ya pili ya mtoto wake wa kiume.

Saa 12:05 jioni. Kabla ya kuondoka ninasimama tena dakika nzima kando ya kitanda chake. Ninaandika 21.