Kutoka Kanyigo hadi Masaka kuomba kazi ya ualimu

Sisi tuliosomea ualimu wa Kiswahili na Historia tumejaa mtaani. Nilikuwa najitolea kwenye shule ya kata hapa Missenyi, mkoani Kagera, nikipewa posho iliyochangwa na wazazi, huku kila tangazo la ajira likitoka nawasilisha maombi na kusubiri. Wakati huohuo ng'ambo ya mpaka mambo yalikuwa yanabadilika. Mwaka 2020 Uganda ilianza mtaala mpya wa sekondari ya chini, ambao Kiswahili ni somo la lazima Senior One na Senior Two, yaani miaka miwili ya kwanza ya sekondari. Julai 2022 baraza lao la mawaziri likaridhia Kiswahili kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na likapendekeza kifundishwe kwa lazima kuanzia shule za msingi. Kufundisha somo hilo kunahitaji walimu, na walimu hawatoshi. Rafiki yangu wa chuo aliyekwishavuka akaniandikia: shule binafsi moja upande wa Masaka inamtafuta mwalimu, njoo na vyeti vyako halisi.

Nikavipanga kwenye bahasha ngumu: cheti cha kidato cha nne, cha sita, cha shahada pamoja na matokeo ya kila mwaka, cheti cha kuzaliwa, barua ya mwalimu mkuu wangu, na nakala zilizogongwa muhuri na wakili. Cheti cha polisi cha tabia njema nilikuwa nimekiomba mapema, maana hakitoki kwa siku moja.

Kutoka Kanyigo hadi Mutukula si safari ya kusimuliwa sana. Unapita Bunazi, barabara ni ya lami, na ukiwa na pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano huna la kuogopa. Kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa 2017, kimepunguza usumbufu. Unapita jengo la Tanzania bila kusimama, unaingia la Uganda, na humo unakuta maofisa wa nchi zote mbili wamekaa dirisha kwa dirisha. Wa kwetu akanigongea muhuri wa kutoka. Wa kwao akaniuliza naenda kufanya nini. Nikamwambia ukweli, kwamba naenda kwenye usaili wa kazi na kibali nitakiomba nikikubaliwa. Akatikisa kichwa, akagonga.

Ng'ambo, kile tunachokiita daladala wao wanakiita teksi. Nilikaa pembeni ya mzee mmoja wa Kyotera, na aliposikia nimemwamkia "Shikamoo mzee" akageuka kabisa kunitazama. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha amri amri. Aliniambia alikipata 1979, akiwa kijana, askari wa Tanzania walipopita hapo wakielekea Masaka kwenye vita vya Kagera. "Binti yangu," akasema, "sisi tulikisikia Kiswahili kwanza kwa mtu mwenye bunduki. Ndiyo maana wenzangu wengi hawakitaki mpaka leo." Mambo haya nilikuwa nimeyasoma chuoni. Nilijua Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alikikataa tangu 1929, akihofia kwamba lugha ya watu wake ingemezwa. Nilijua pia Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa 1973, na kwamba tangu hapo wengi walikihesabu kuwa lugha ya kambi za jeshi. Lakini kuyasikia kwa mtu aliyeishi siku hizo kulinifanya nibadilishe somo nililokuwa nimeliandaa. Andalio langu lilianza na historia ya Kiswahili na methali. Hapo kwenye teksi nikageuza karatasi, nikaandika upya.

Shuleni walinipa kipindi kimoja cha majaribio, Senior Two, mkuu wa shule na makamu wake wamekaa nyuma. Wanafunzi wakasimama, wakanisalimu kwa Kiingereza kwa sauti moja, wakakaa. Kisha kimya. Si utovu wa nidhamu. Kilikuwa kimya cha watoto wanaojua watakosea wakifungua mdomo.

Mimi ni Mhaya, na Kihaya na Kiganda ni ndugu, kwa hiyo nilianza na cha kwao. Nikaandika ubaoni: omuntu, abantu, omuti, emiti, ekitabo, ebitabo. Minong'ono ikaanza, maana hakuna aliyetegemea kuona lugha ya nyumbani kwenye ubao wa Kiswahili. Chini ya kila jozi nikaandika: mtu, watu, mti, miti, kitabu, vitabu. Nikachukua kitabu cha mwanafunzi wa mbele, nikakiangusha sakafuni kwa makusudi. "Ekitabo kigudde," wakasema. Nikasema, "Kitabu kimeanguka." Nikaangusha viwili. "Ebitabo bigudde." Nikanyamaza, nikawasubiri. Msichana wa dawati la nyuma akasema taratibu, "Vitabu... vimeanguka."

Halafu akanyoosha mkono tena bila kuulizwa. Akasema: "Kikopo, vikopo." Neno hilo nilikuwa sijalifundisha. Alilitoa kwenye ekikopo cha kwao, akaacha ile e ya mwanzo, akalipatanisha mwenyewe, na likawa Kiswahili safi. Nikampigia makofi na darasa zima likafuata. Kuanzia hapo nilikuwa nazuia mikono, si kuitafuta. Walisema "habali" na "balua", kwa sababu Kiganda huweka r baada ya e na i tu. Siku hiyo sikuwasahihisha. Matamshi yana wakati wake, na mtoto aliyekatishwa neno lake la kwanza hatoi la pili.

Naamini hapa ndipo wengi wetu kutoka Tanzania tunapaswa kujiandaa. Kule nyumbani mwanafunzi anaingia kidato cha kwanza akiwa anaota kwa Kiswahili. Tunamfundisha fasihi, uchambuzi, uandishi wa insha. Uganda anaingia hajui kuomba maji. Kujua Kiswahili ni jambo moja, kumfundisha mgeni wa Kiswahili ni kazi nyingine kabisa, na inastahili kusomewa.

Ofisini mkuu wa shule, mama mtulivu, aliniuliza swali ambalo nililipenda kuliko yote. "Mwalimu, mbinu yako ni nzuri kwa watoto wanaosema Kiganda. Hapa ni bweni. Nina watoto wa Acholi na wa West Nile, huko kaskazini, ambao lugha zao si za Kibantu. Hao utawafanyaje?"

"Madamu," nikamjibu, "hao siwezi kuwaanzia na ngeli. Nitawaanzia na sokoni, nyimbo na maigizo, na nitawauliza kwanza wanachokijua, maana kaskazini Kiswahili kinasikika zaidi." Makamu akacheka kwa furaha. Yeye ni wa Arua, huko West Nile, akasema bibi yake aliuza samaki kwa Kiswahili maisha yake yote.

Walinipa barua ya kunikubali, yenye masharti. Shule ya serikali ingeajiri kupitia Tume ya Utumishi wa Elimu. Hii ni binafsi, inaajiri yenyewe, lakini vyeti lazima vilinganishwe na vya Uganda. Kwa hiyo nikapanda gari la Kampala. Lukaya wachuuzi wakaleta nyama choma na gonja, ndizi tamu za kuchoma, mpaka madirishani, nikala vizuri, na Kayabwe tukavuka mstari wa ikweta.

Kampala kazi ilikuwa ya miguu na subira. Vyeti vya kidato cha nne na cha sita vinalinganishwa UNEB, baraza lao la mitihani, Ntinda. Shahada inapelekwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, Kyambogo. Usizichanganye ofisi hizi mbili, utarudishwa. Majibu ya hapo ndiyo yanayofungua usajili wa ualimu wizarani, kisha shule inaniombea kibali cha kazi uhamiaji, kwa mtandao. Nenda na matokeo kamili ya chuo, si cheti peke yake, kwa sababu wanaangalia somo kwa somo.

Sasa niko nyumbani nasubiri majibu. Muhula wa kwanza wa Uganda huanza Februari, na mkuu wa shule amenitumia silabasi ya Senior One. Wiki hii namaliza maandalio ya mwezi wa kwanza. Kuna safu mbili: moja ya wanaosema Kiganda, moja ya watoto wa kaskazini, na ile ya pili makamu wa Arua ananisaidia kwa simu kila jioni.