Kufunga kasi na dupleksi kwenye seva inayobuti kwa mtandao

Seva inayobuti kwa PXE, yaani inayoanza kwa kuvuta mfumo kutoka mtandaoni, hupitia viendeshi vitatu vya kadi ya mtandao: cha fimwea (programu iliyo ndani ya mashine), cha kerneli (kiini cha mfumo) ya kisakinishi, kisha cha mfumo uliosakinishwa. Kila kimoja huiangusha linki na kuiinua upya kwa mipangilio yake. Ukifunga poti ya swichi, yaani ukiiwekea thamani isiyobadilika, kwenye megabiti 100 dupleksi kamili (pande zote mbili hutuma kwa wakati mmoja), sharti vyote vitatu vifungwe hivyo hivyo. Kimoja kikibaki otomatiki, yaani kikitegemea kupatana na swichi, kitaitambua kasi kwa kusikiliza mawimbi, lakini dupleksi hakina njia ya kuijua, na kanuni ya IEEE 802.3 inakitaka kichukue nusu, yaani kutuma kwa zamu.

Hitilafu hii ina ujanja wake. TFTP, itifaki ya kuhamisha faili inayotumiwa na PXE, hutuma bloku moja, kwa kawaida baiti 512, na kungoja ijibiwe kabla ya kutuma nyingine. Initrd (mfumo mdogo wa faili unaopakiwa pamoja na kerneli) ya MiB 40 ni bloku 81,920 zinazopokezana zamu, hivyo pande mbili hazisemi kwa pamoja mara nyingi, na kerneli hupakiwa bila matata makubwa. Kisakinishi kinapoanza kuvuta vifurushi kwa HTTP, data ya TCP na majibu yake hukutana njiani. Upande wa nusu dupleksi huona mgongano, hukatiza fremu, na swichi hupokea kipande chenye CRC (namba ya kukagua makosa) mbovu. Kasi huanguka vibaya, na watu wanaanza kulaumu seva ya HTTP.

Angalia kaunta kabla ya kugusa chochote. Kwenye swichi ya Cisco, `show interfaces` ikionyesha CRC na runts (fremu fupi kupita kiasi) zikipanda, huku `ethtool eno1` (eno1 ni jina la kadi) kwenye seva ikisema `Duplex: Half`, jibu unalo.

Nairobi, sababu halisi ya kutaka 100 mara nyingi iko ukutani. Katika ofisi nyingi za zamani mjini, fundi aligawa kebo moja kuwa soketi mbili, kila moja ikipewa jozi mbili kati ya jozi nne za waya. Pande zote zikiwa otomatiki, zitakubaliana 1000, kwa kuwa mapatano hupita kwenye waya 1-2 na 3-6 tu; kisha linki inakataa kupanda kwa sababu gigabiti inahitaji jozi zote nne. Kebo ya alumini iliyopakwa shaba, ile ya bei rahisi, nayo huleta vituko vya aina hiyo ikiwa ndefu. Dawa ya kweli ni kuvuta kebo nyingine. Ikishindikana, usifunge, punguza kinachotangazwa kwenye swichi:

`speed auto 10 100`

Hapo mapatano yanabaki, dupleksi inapatana, na huhitaji kugusa fimwea wala kickstart (faili ya maelekezo ya kisakinishi). Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ya kwanza kujaribu. Kama swichi haina amri hiyo, upande wa Linux kuna `ethtool -s eno1 advertise 0x008`, yaani 100 kamili peke yake, ila haiigusi hatua ya PXE.

Kufunga kabisa kunabaki kwa vifaa visivyojua kupatana, kama midia konvata (kigeuzi cha kebo ya shaba na nyuzi za kioo) ya zamani iliyofungwa 100. Anza na menyu ya kadi ndani ya UEFI (fimwea ya mashine), sehemu ya Link Speed. Baadhi ya kadi hazina kabisa, na hapo acha mpango huo. Kisha kwenye kickstart:

`network --device=eno1 --bootproto=dhcp --ethtool="autoneg off speed 100 duplex full"`

Faili hiyo yenyewe ikivutwa kwa mtandao, hatua za mwanzo za kisakinishi bado ziko otomatiki. Kwenye mfumo uliokamilika, tumia `nmcli con mod eno1 802-3-ethernet.auto-negotiate no 802-3-ethernet.speed 100 802-3-ethernet.duplex full`. Wenye mashine za SPARC wana raha zaidi: `boot net:speed=100,duplex=full`.

Gigabiti ya shaba usijaribu kuizimia mapatano. 1000BASE-T, yaani gigabiti hiyo, huyahitaji ili kuamua upande upi utaongoza saa ya mawimbi. Pia swichi nyingi huzima auto-MDIX (kujitambulia kama kebo ni ya moja kwa moja au ya kuvuka) ukifunga kasi, kwa hiyo kebo iliyokuwa ikifanya kazi jana inaweza kunyamaza.

Na kwa kuwa linki huanguka kila kiendeshi kinapobadilika, weka `spanning-tree portfast` kwenye poti hiyo. Bila hiyo, STP (itifaki ya swichi ya kuzuia mizunguko) hukawia sekunde 30 kila mara, na PXE inaweza kukata tamaa na kosa la PXE-E51, kana kwamba DHCP (huduma ya kugawa anwani) haipo.