Nilivyofundisha habari za Alfred Lyttelton kwa fimbo tatu na mpira wa tenisi

Nafundisha historia sekondari, na kwa miaka kadhaa mada ya utawala wa Waingereza ilinishinda. Niliandika ubaoni kwamba mwaka 1905 himaya yao ya Afrika Mashariki ilitolewa Wizara ya Mambo ya Nje ikakabidhiwa Wizara ya Makoloni, waziri akiwa Alfred Lyttelton. Wanafunzi wakanakili, wakafunga madaftari.

Mwaka uliofuata nilianzia uwanjani. Lyttelton, mzaliwa wa 1857, alisoma Eton na Cambridge, akawa mtu wa kwanza kuichezea Uingereza kandanda na kriketi pia. Nikawaomba washike jina moja tu: The Oval, uwanja wa kusini mwa London. Hapo ndipo alipocheza fainali ya Kombe la FA mwaka 1876, timu yake ya Old Etonians ikachapwa 3-0 na Wanderers katika marudiano. Hapohapo, mwaka 1877, aliifungia Uingereza bao dhidi ya Uskoti, ingawa walilala 3-1. Darasa likaamka.

Kriketi ndiyo iliyonipa kazi. Maneno hayakutosha, nikawatoa nje na fimbo tatu za wiketi, zile zinazosimamishwa nyuma ya mpigaji, kibao cha kupigia nilichochonga mwenyewe, na mpira wa tenisi. Tukaigiza Agosti 1884, The Oval tena: Waaustralia wanapiga tu, mikimbio, yaani pointi za kriketi, inafika 551, warushaji wa Uingereza hoi, hadi mlinda wiketi, anayedaka mpira nyuma ya fimbo na kwa kawaida harushi, anaitwa arushe. Lyttelton akaja na pedi zake miguuni, akarusha kwa mkono wa chini, taratibu, akawatoa wapigaji wanne kwa kuruhusu mikimbio 19 tu. W.G. Grace, nyota wa kriketi wa Uingereza, ndiye aliyemshikia nafasi nyuma ya wiketi. Binti aliyekuwa mlinda wiketi wetu aliwatoa watatu, na muhula mzima wenzake walimwita Alfred.

Kosa nililofanya ni kutaka kumaliza yote siku ileile. Walirudi nyumbani wakikumbuka mpira peke yake. Sasa siasa naiacha hadi kesho yake, wakiwa wametulia: mwaka 1904 waziri huyuhuyu aliidhinisha wafanyakazi kutoka China wapelekwe migodi ya dhahabu ya Transvaal, Afrika Kusini. Walipelekwa zaidi ya 60,000, wakafungiwa kambini kwa mikataba migumu. Wapinzani bungeni wakauita utumwa, na uchaguzi wa 1906 akapoteza kiti chake. Hapo madawati hunyamaza. Nataka wampende kwanza ndipo wamhukumu, kwa sababu hata Waingereza wengi walimjua kwa mchezo kabla ya siasa, na heshima ile ya uwanjani aliingia nayo bungeni.

“Alikufaje, Mwalimu?” Swali hilo halikosi. Alikufa Julai 1913, akiwa na miaka 56, baada ya kupigwa na mpira wa kriketi akiwa bado anacheza.