Nilivyouona upepo wa galaksi ya NGC 253 nikiwa Lubumbashi

Usiku wa Oktoba NGC 253 hupita karibu na utosi hapa Lubumbashi, na kwenye giza zuri hata darubini ya mkono huionyesha kama wingu jembamba. Mimi nilitaka eksirei zake. Hizo hazifiki chini, hewa ya dunia huzimeza zote. Ndiyo sababu setilaiti ya Chandra ilirushwa angani mwaka 1999. Vipimo vyake vimewekwa wazi, yeyote anaweza kuvichukua.

Nilipakua faili moja tu, la matukio, ambalo jina lake lina evt2. Nikalifungua kwa DS9, programu ya bure isiyodai kompyuta kubwa wala intaneti. Umeme ukikatika Katuba, niliendelea kwa betri.

Faili hilo ni orodha ya fotoni, yaani chembe za mwanga, hapa za eksirei: kila moja na mahali ilipoangukia, saa yake na nishati yake. Ukizimwaga zote pamoja unapata nukta kali na ukungu usiosema kitu. Kazi yote iko kwenye kuzichambua kama mchele. Nilichuja kwa nishati, ambayo hupimwa kwa elektronivolti: 300 hadi 1000 nikazipa rangi nyekundu, 1000 hadi 2000 kijani, 2000 hadi 8000 buluu, kisha nikalainisha kila rangi kidogo.

Hapo mambo yakajitenga. Kwenye buluu zilibaki nukta, nyingi zikiwa nyota za nyutroni (mabaki mazito ya nyota zilizolipuka) au mashimo meusi yanayonyonya gesi ya nyota jirani. Nyekundu ilikuwa ndiyo upepo wenyewe: gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, inayosukumwa nje na nyota kubwa zinazozaliwa na kulipuka kwa wingi kule katikati. Nilifurahi mno!

Mdogo wangu akachungulia: "Yaya, juu ya nini inatoka upande moja tu?"

Swali zuri kuliko yote. Upepo hutoka pande zote mbili za sahani ya galaksi, ila sahani imeinama. Kusini-mashariki upepo uko mbele yake, tunauona. Upande wa pili uko nyuma, na gesi baridi ya sahani humeza eksirei dhaifu, zile nilizozipa nyekundu.

Tukafungua M82, galaksi nyingine yenye upepo, kulinganisha. Kwetu hiyo huchomoza kidogo tu upande wa kaskazini, lakini faili lake hupakuliwa vilevile. Sahani yake tunaiona karibu kwa ubavu, na wekundu umetoka juu na chini.