Alasiri ya Mzee wa Mashine

Juma lililopita binti wa dada yangu aliniletea barua ya kuacha kazi niisome kabla hajaipeleka ofisini. Aliyemfunza kazi hiyo alikuwa ameajiriwa mwezi mmoja tu kabla yake, na sasa huyo naye ameondoka. Nilipoisoma barua ile nilikumbuka alasiri moja ya Novemba katika kiwanda cha uchapaji, kule Industrial Area jijini Nairobi, siku ambayo mzee wa mashine alimaliza kazi.

Tulikuwa tukichapa vitabu vya shule, na kwa kuwa masomo huanza Januari, hakuna miezi yenye kazi nyingi kuliko ile ya mwisho wa mwaka. Hata hivyo, meneja wetu mpya alikuwa ameamua kupunguza gharama za mishahara wakati huohuo. Sheria inaruhusu kipindi cha majaribio kisichozidi miezi sita, na katika kipindi hicho notisi ya siku saba inatosha. Kwa hiyo vijana walichukuliwa kwa majaribio, wakaachishwa kabla ya muda kwisha, kisha wakachukuliwa wengine. Meneja alipoulizwa, alijibu kwamba watu wa kazi wamejaa nje ya lango. Ni kweli walikuwako: kila alfajiri walifika kwa miguu kutoka mtaa jirani wa Mukuru na kusimama kando ya ukuta wakingoja kuitwa.

Mzee alipoambiwa kwamba mkataba wake hautaendelea, aliamriwa akabidhi kazi kabla ya jioni. Mimi nilikuwa karani wa stoo, nikatumwa na daftari nene niandike yote anayoyajua. Alianza kwa utaratibu. Akaeleza kwamba wino ni mafuta, kwamba sehemu ya bamba la kuchapia yenye maandishi hushika wino na sehemu iliyo tupu hushika maji, na kwamba maji yakizidi rangi hufifia, yakipungua karatasi huchafuka. Akasema msimu wa mvua karatasi hunyonya unyevu na kutanuka, ndipo rangi nne zinapokosa kulaliana na picha ya mtoto kitabuni ikaonekana ina midomo miwili; basi rimu ziingizwe ukumbini siku moja kabla, na zisifunguliwe hadi zizoee hewa ya humo. Nikaandika. Kisha akachukua karatasi moja, akaishika kwa ncha, akaitikisa karibu na sikio lake, halafu karibu na langu. Akaniuliza kama nimesikia. Nilisikia mlio wa karatasi tu. Akachukua nyingine kutoka rimu ya pili, akaitikisa vilevile, akasema hii haifai leo. Nilikuwa nimeshika kalamu, naye akaniangalia kwa upole, akasema, “Hili, mwanangu, sijui utaliandikaje.”

Kijana aliyekuwa akikabidhiwa mashine alimuuliza yeye alifunzwa na nani. Mzee akamwambia kwamba alisimama kando ya fundi wake mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kugusa wino. Kijana hakusema neno, maana mkataba wake haukufika hata nusu ya mwaka huo.

Yaliyofuata nitayasema kwa ufupi. Kijana yule aliondoka kabla ya mvua za masika, na waliomfuata hawakukaa. Mzee alirudi langoni mara kwa mara kuomba cheti cha huduma, ambacho kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlazimu mwajiri kukitoa, lakini hakukipata hadi alipofika ofisi ya leba. Kilikuwa na jina lake, aina ya kazi, siku aliyoanza na siku aliyomaliza. Sheria haimlazimu mwajiri kueleza mtu alivyofanya kazi, na yeye hakueleza.

Vitabu vya stoo vilikuwa mikononi mwangu, nami niliona karatasi zilizoharibika zikiongezeka mwezi baada ya mwezi, ilhali katika vitabu vya uhasibu mishahara ilizidi kupungua. Nilimpelekea meneja hesabu zote mbili kwa pamoja. Akasema karatasi ni mbovu, akabadilisha aliyekuwa akituuzia.

Kwa muda mrefu nilimlaumu yeye peke yake, na bado naona alitenda vibaya. Lakini wenye kiwanda walimpima kwa hesabu ya mishahara, na hakuna aliyewahi kumuuliza juu ya karatasi. Sijui kama mtu mwingine aliyepimwa hivyo angetenda tofauti. Baadaye naye aliachishwa kazi. Aliyeletwa mahali pake aliitisha orodha ya mishahara siku yake ya kwanza, na vitabu vyangu vya stoo hakuviulizia hadi nami nilipoondoka.