Siku moja ya fundi pikipiki Mbagala, siku Marc Márquez alipochukua ubingwa

Saa 11 alfajiri nimeshaamka, Jumapili tarehe 28 Septemba 2025. Mimi ni fundi pikipiki hapa Mbagala na Jumapili kwetu ni kazi kama kawaida maana bodaboda hawapumziki. Ila leo nimewahi kwa sababu nyingine, mbio za MotoGP, yale mashindano ya dunia ya pikipiki, ziko Motegi kule Japani, na Marc Márquez anaweza kuchukua ubingwa leo, na wakishika saa 8 mchana kwetu huku ni saa 2 asubuhi. Bando nilinunua jana usiku kabisa.

Saa 12 na nusu nimefungua banda, nikatoa boksi la spana, nikamaliza Boxer moja iliyolala hapa, cheni na sproketi, mwenyewe akaichukua.

Saa 2. Simu nimeiegesha kwenye kopo la oili, vijana wa kijiweni wamenizunguka. Mizunguko 24. Bagnaia, mwenzake Marc kwenye timu ya Ducati, yuko mbele, Marc wa pili, na ile nafasi ya pili inamtosha kuwa bingwa. Mwishoni pikipiki ya Bagnaia ikaanza kutoa moshi mweupe, yani kwa mimi fundi roho ilinidunda, nikajua injini inakufa pale pale, lakini ikafika na akashinda. Marc wa pili. Bingwa, mara ya 7 kwenye daraja la juu na ya 9 ukihesabu madaraja ya chini, 125 ya mwaka 2010 na Moto2 ya 2012. Akalia. Na mimi nikalia mbele ya wateja, sijali.

Ngoja niwaambie kwanini. Julai 2020 pale Jerez, Hispania, Marc alianguka akavunjika mfupa wa juu wa mkono wa kulia. Jumanne akapasuliwa, Jumamosi yuko tena juu ya pikipiki! Alishindwa akajitoa, chuma walichomwekea kikaja kuvunjika, akapasuliwa tena, Desemba tena, mfupa ukaingia maambukizi. 2022 akaenda Marekani upasuaji wa nne, wakaukata mfupa wakauzungusha maana ulikuwa umeunga vibaya. Ndo mwaka 2023 ulipoisha akaiacha timu yake ya Honda mkataba haujaisha, akaenda timu ndogo ya Gresini kupanda Ducati ya mwaka uliopita. Alikaa siku 1,043 bila kushinda mbio kubwa ya Jumapili mpaka Aragón, Septemba 2024.

Mimi mkono wangu ulivunjika 2022, nilikuwa najaribu breki za mteja. Wiki ya tatu nikalikata hogo, ile plasta ya mkono, mwenyewe kwa mkasi wa bati sababu kodi ilikuwa inadai, nikashika spana, mfupa ukahama. Miezi 6 nyumbani, mke wangu ndo alituvusha kwa vitumbua. Mpaka leo klachi ngumu naivuta kwa shida.

Saa 5 mpaka saa 9 kazi tu, breki shuu, plagi, TVS moja inakula oili nimeifungua ringi zimekwisha. Chakula nimekula nimesimama.

Saa 10 akaja dogo mmoja, dereva wa boda, mkono una hogo, wiki ya pili. Anataka nimshushie hendeli ya klachi aweze kuivuta kwa vidole viwili, bosi wake anadai hesabu. Nikamwambia mdogo wangu hiyo kazi siifanyi, hata ulipe mara tatu. Akakasirika. Nikamkalisha kwenye tairi, nikamwonyesha kovu langu, nikamwonyesha na Jerez kwenye simu, ile Jumamosi anavyohangaika na mkono. Akaangalia mara mbili kimya. Tukampigia bosi wake pamoja, tukakubaliana pikipiki aishike mwenzake mpaka hogo litoke na hesabu wagawane.

Saa 1 usiku nafunga banda, dogo bado yupo, ananimulikia tochi kwa mkono wa kushoto huku nakusanya spana. Kauliza kesho marudio ya Motegi yatakuwepo? Nikamwambia njoo na bando.