Bendera ya VOR ikitokeza, bisibisi isubiri

Wiki iliyopita Cessna 206 iliyotoka Seronera iliegeshwa mbele ya hanga letu hapa uwanja wa Kisongo, na katika daftari lake rubani alikuwa ameandika mstari mmoja tu: bendera ya NAV ya kwanza inatokeza na kutoweka, yaani kibango kidogo cha onyo kwenye kiashirio cha redio ya kwanza ya kuongozea njia. Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa tayari na bisibisi mkononi, akitaka kufungua paneli na kutoa kiashirio. Nilimwomba asubiri, kwa sababu nimeshuhudia viashirio vizima vikisafirishwa hadi karakana za Nairobi na kurudishwa na cheti kwamba havina kasoro, huku ndege ikibaki na bendera yake ileile.

Bendera hiyo haipandishwi na hitilafu. Imewekewa springi inayoisukuma ionekane wakati wote, na kinachoivuta ijifiche ni mkondo mdogo wa umeme ambao kipokezi huutoa pale tu kinaporidhika na ishara kinayoipokea. Kwa VOR, kituo cha redio cha ardhini kinachomwonyesha rubani mwelekeo, kipokezi hulinganisha ishara mbili za hezi 30 ili kijue ndege iko upande gani wa kituo. Kwa ILS, mfumo wa redio unaoiongoza ndege inapokwenda kutua, hutafuta toni za hezi 90 na 150. Kwa hiyo bendera inaweza kuonekana kwa sababu umeme umekatika, kituo kimezimwa, antena imeingia maji ya masika au waya umelegea mahali fulani, na kiashirio chenyewe mimi hukiweka mwisho kabisa.

Nilimtafuta rubani kabla ya kugusa chochote.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, kapteni. Bendera ilitokeza ukiwa wapi?”

Alieleza kwamba alikuwa juu ya Ziwa Manyara, futi 11,500, amefungua masafa ya VOR ya KIA (Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro), na kila ndege ilipotikiswa na hewa bendera ilichungulia. NAV ya pili, ikiwa kwenye masafa hayohayo, ilikuwa safi. Maelezo hayo yalitupunguzia kazi kubwa: kituo kilikuwa hewani, na antena pia ilikuwa nzima, kwa kuwa katika ndege hii vipokezi vyote viwili hugawana antena moja iliyo kwenye mkia.

Kijana alipendekeza tuwashe redio palepale tuone. Nilimkatalia, maana mawimbi ya VOR, yaliyo kati ya megahezi 108 na 117.95, husafiri kwa mstari wa kuonana, hayapindi kufuata ardhi, na ndege ikiwa imekaa chini Kisongo, bendera inaweza kuonekana bila ubovu wowote. (Kosa la namna hiyo hulifanya pia wanafunzi wa urubani wanaolalamikia bendera ya glaidislopu, ishara ya ILS inayoonyesha mteremko wa kutua, wakati wamefungua masafa ya VOR, ambako glaidislopu haipo kabisa.) Tulitumia kipimio chetu kinachotoa ishara ya VOR.

Redio zote mbili ni za aina moja, hivyo tulizibadilishana nafasi na kukaza skrubu zake kwa alenki, kwani redio isiyoingia hadi mwisho wa trei nayo huleta tatizo hilihili. Ubovu ulibaki upande wa kwanza. Kijana akaingiza mkono nyuma ya paneli na kuitikisa kebo ya antena taratibu huku mimi nikitazama mshale wa kiashirio. Mara ya tatu bendera ikaruka. Tulipokitoa kiunganishi tukaona pini ya katikati imerudi ndani kwa kiasi cha milimita moja, ikigusana kwa bahati tu, na kebo ilikuwa imekunjwa vibaya na aliyeifunga zamani.

Tulikata ncha, tukafunga kiunganishi kipya, na kupima kwa mita kuhakikisha waya wa kati haugusani na wavu wa nje. Nilizungusha kitufe cha kuchagulia njia hadi mshale ukafika mwisho kwa nyuzi 10 kila upande, kisha nikazima kipimio ili nione bendera ikirudi. Hatua hiyo wengi huiruka, ilhali bendera iliyokwama mafichoni ni hatari kuliko inayoonekana, kwa kuwa rubani ataendelea kuufuata mshale uliokufa.

Siku mbili baadaye ndege ilirudi tena kutoka Seronera, na safari hii mstari wa kasoro katika daftari ulikuwa unahusu tairi la mbele.